Foleni Moja, Huduma Mbili

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapunguzwa)

Karibu tena katika kipindi chetu cha afya ya mama na mtoto. Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii, na leo nazungumza nawe mama, nawe baba unayelea, nawe nyanya uliyeachiwa wajukuu. Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ila ongeza sauti ya redio kidogo.

Tumekwisha kuzungumza juu ya chanjo, lishe na kuhara. Leo sina dawa ya kukueleza. Nataka tuongee juu ya jambo ambalo halipimwi kwenye maabara, lakini linaweza kumfanya mtoto apone au azidiwe. Ni vile mtu anavyotazamwa anapoingia mlangoni. Kabila lake, lugha yake, umri wake, nguo zake, kama ameolewa au hajaolewa, kama anasikia au ni kiziwi. Hayo yote kwa pamoja ndiyo yanayomtambulisha mbele ya watu. Mengine humpa nafuu bila yeye kuomba. Mengine humtwika mzigo bila yeye kukosa.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwaonyesha wengine kidole.

Nilipomaliza diploma yangu ya uuguzi nilipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya huku kwetu Bonde la Ufa. Asubuhi moja ya msimu wa mvua foleni ilikuwa imetoka nje hadi chini ya mti. Mama mmoja akanisalimia kwa lugha ya kwetu. Tukaulizana habari za nyumbani, tukagundua tunalijua soko moja. Nikachukua kadi yake nikaiweka juu ya zile nyingine. Wala sikufikiria mara mbili. Nilijiona mkarimu.

Nyuma yake alikuwa mama kijana aliyevaa gambuti zenye matope. Alikuwa ametembea tangu giza kutoka kule juu msituni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nilimuuliza mtoto anaumwa nini, akajibu neno moja tu, "tumbo". Nikamwambia akae angoje zamu yake. Akakaa. Alingoja kama saa mbili, hakulalamika hata mara moja, na mimi nikachukulia kwamba asiyelalamika hana shida.

Muuguzi mwenzangu aliyekuwa akipita ndiye aliyemwona mtoto. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilirudi polepole sana. Akipewa kikombe hakuwa na nguvu ya kumeza. Alikuwa ameharisha tangu juzi na maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Tulimtundikia maji na kumkimbiza hospitali kubwa. Mungu alisaidia, akapona. Yule mtoto niliyemtanguliza, wa mama wa lugha yangu, alikuwa na mafua.

Pengine unajiuliza mimi ni wa kabila gani. Sitakuambia. Nikikuambia, nusu yenu mtaanza kunisikiliza kwa sikio lingine.

Sasa angalia, mama. Siku ile hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyefukuzwa. Yule mama wa kwanza hakutoa chai wala hakuomba apitishwe. Ungemuuliza jioni angesema, "Leo nimehudumiwa vizuri, sista ni mtu mzuri." Nafuu aliyoipata hakuiona kabisa. Ndivyo nafuu ilivyo. Ni kama kushuka kwa baiskeli kutoka Milimani kwenda mjini. Huhisi kwamba kuna mteremko, unadhani una miguu yenye nguvu. Anayepanda njia hiyo hiyo na mtungi wa maji mgongoni ndiye anayejua kuna mlima.

Na mlima huu wetu haukuota wenyewe. Wakati wa ukoloni nyanda hizi za Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha zilitengewa masetla wa Kizungu. Mwafrika aliishi humu kama skwota, kibarua katika shamba la mwenyewe. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, wanaume Waafrika walitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye jina, kabila na jina la mwajiri, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Huko mjini Mzungu alikaa Milimani, na wafanyakazi Waafrika walikaa mitaa kama Bondeni na Kaloleni. Ukitaja mahali unapolala, umekwisha jieleza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, lakini hata leo jaribu kusema kwenye ofisi kwamba unatoka Milimani, kisha useme unatoka Rhonda, uone kama utakaribishwa kiti kwa namna moja.

Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni wa ndugu zetu Waogiek wa msitu wa Mau, wale wa Mariashoni, Nessuit na kwingineko. Kwa miaka mingi watu wamewaita "Wandorobo". Wengi hulitumia jina hilo bila kujua kwamba linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mtu maskini asiye na ng'ombe. Yaani watu walioishi kwa asali na uwindaji walipewa jina linalotaja kile wasichokuwa nacho. Jina likisemwa mara nyingi hugeuka kuwa sheria. Katika miaka ya 1930 tume ya ardhi ya serikali ya kikoloni ilipendekeza wasipewe ardhi yao wenyewe, ila wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine. Baada ya uhuru waliendelea kufukuzwa msituni mara kwa mara.

Kesi yao ilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao, ikiwemo haki ya kutobaguliwa, kwa sababu haikuwatambua kama jamii kamili jinsi ilivyotambua jamii nyingine. Mwezi wa Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi zaidi ya milioni 157. Lakini Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba tena, upande wa Sasimwani, Narok.

Utaniuliza, "Daktari, mambo ya mahakama yanahusu nini na kliniki?" Yanahusu sana. Jamii isiyotambuliwa haihesabiwi vizuri, na isiyohesabiwa haipangiwi barabara wala zahanati. Nyumba ikibomolewa, kijitabu cha kliniki cha mtoto kinapotea na vitambulisho vinapotea. Mama anahama, chanjo zinakatika katikati. Kisha siku anapotokea kwetu na gambuti zake, muuguzi kama mimi anamuuliza kwa ukali, "Kwa nini umechelewesha chanjo?"

Sitaki udhani kwamba ni kabila moja tu linalobeba mzigo. Sisi wa Nakuru tulijifunza vinginevyo mwezi wa Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walisimamishwa barabarani na kuulizwa vitambulisho, au kusemeshwa kwa lugha fulani ili wajulikane. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Jina la ukoo lililokuwa kinga yako Naivasha lingeweza kukuua Burnt Forest, na lile la kukulinda Burnt Forest lingekuua Naivasha. Mtu ni yule yule, jina ni lile lile, mwendo wa saa chache tu kwa matatu. Uwanja wa maonyesho wa hapa Nakuru ulijaa maelfu ya waliokimbia makwao, na miongoni mwao walikuwa wajawazito, wenye watoto wa siku chache, na waliokuwa wakitumia dawa za kila siku za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Hospitali ilikuwepo. Dawa zilikuwepo. Lakini kituo kilichokuwa na faili yako kilikuwa upande ambao jina lako halingevuka.

(Muziki kidogo)

Msikilizaji, kama umejiunga nasi sasa hivi, tunazungumza juu ya nafuu na mzigo ambao mtu anaubeba kwa sababu ya vile alivyo.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mama anaweza kuwa wa kabila lenye watu wengi katika mtaa wake, apate nafuu hapo, lakini akawa hana ruhusa ya kwenda hospitali mpaka mume arudi jioni. Mwingine ana pesa na amesoma, lakini anatumia kiti cha magurudumu na kitanda cha kujifungulia ni kirefu kama kaunta ya duka. Na mizigo ikiwa miwili haikai kando kando, inapandana.

Hata utajiri haufuti kila kitu. Mchezaji tenisi Serena Williams wa Marekani alijifungua binti mwezi wa Septemba 2017 kwa upasuaji. Siku iliyofuata akaanza kukosa pumzi. Aliwahi kuwa na damu iliyoganda mapafuni, kwa hiyo alijijua, akamwambia muuguzi kipimo gani anahitaji na dawa gani. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Ilibidi asisitize. Walipompima mapafu hatimaye, damu iliyoganda ilikuwapo, kama alivyosema. Mwanamke huyo ni tajiri na anajulikana dunia nzima. Alisimulia mwenyewe mwaka 2018, na wanawake wengi weusi wa huko wakasema hata wao hawakusikilizwa. Nchini Marekani mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa sababu ya uzazi karibu mara tatu kuliko mweupe. Nafuu ya pesa ilimfikisha kwenye hospitali nzuri. Kusikilizwa lilikuwa jambo lingine.

Turudi nyumbani. Katika utafiti wa kitaifa wa 2008 na 2009, kati ya watoto 100 waliozaliwa Kenya, 44 tu ndio mama zao walizalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Katika utafiti wa 2022 walifika 89. Hayo ni maendeleo makubwa, na serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013 ilisaidia. Lakini mimi huwafikiria wale 11 waliobaki. Hawakutawanyika ovyo kama mahindi yaliyomwagika. Wengi wao wanatoka katika nyumba maskini kabisa, kwa mama ambaye hakusoma, kule ambako gari halifiki.

Chukua msichana wa miaka 16 aliyepata mimba akiwa shuleni. Huyu mwili wake uko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kuzaa, kwa hiyo ndiye angefaa kuja kliniki mapema kuliko wote. Anafika, anakuta foleni ya akina mama wa rika la mama yake, na mtu anasema kwa sauti, "Hata wewe?" Hatarudi. Tutamwona tena siku ya uchungu, presha ikiwa imepanda. Hapa nawalaumu wauguzi wenzangu, lakini nawalaumu pia ninyi mnaocheka kwenye benchi.

Mama asiyeolewa naye ana mzigo wake. Kabla ya mwaka 2016 sheria ya kuandikisha vizazi haikumruhusu kuandikisha jina la baba wa mtoto bila baba kukubali au bila ushahidi wa ndoa. Watoto wengi wakapata cheti chenye mstari mahali pa jina la baba. Mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Katiba yenyewe, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Kwa hiyo mama, usiogope kuandikisha mtoto wako. Ukijifungulia kituoni, usiondoke bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Ukijifungulia nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu, na usipitishe miezi sita.

Mama kiziwi anakaa kwenye benchi, jina lake linaitwa mara tatu, anapitwa. Mchana anaandikiwa kwamba hakuwepo. Ukimjua mama kama huyo, keti karibu naye umguse bega jina lake likiitwa. Sisi tulioko ndani tunatakiwa kutoka na kumtafuta kwa macho.

Nyanya anayelea mjukuu huulizwa, "Mama yake yuko wapi?" kabla ya kuulizwa mtoto anaumwa nini. Pengine mama huyo amelala kaburini, au anafanya kazi ya ndani Uarabuni, au yuko kwenye shamba la maua Naivasha na hawezi kuomba ruhusa bila kukatwa siku. Nyanya, njoo na kijitabu cha mtoto kama unacho. Kama huna, njoo tu. Mtoto mgonjwa hatibiwi kwa jina la aliyemleta.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha au kuzaliwa. Umesikia kwamba hata mavazi na lugha vimetajwa. Zile gambuti za matope zimo ndani ya Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Na sheria hii imewahi kusimama. Mwezi wa Agosti 2013, miezi michache baada ya serikali kutangaza uzazi ni bure, mama mmoja maskini alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma. Alikuwa ameambiwa anunue dawa mwenyewe, vitanda vilikuwa vimejaa, na wauguzi walimpiga na kumtukana. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba heshima na haki zake zilivunjwa, na alipwe shilingi milioni 2.5. Niliposoma habari ile nililia kidogo, kwa sababu ya yule mama na kwa sababu ya kazi yangu.

Lakini si kila mtu ataenda mahakamani, na mtoto anayeharisha hangoji hakimu. Kwa hiyo nakuambia la kufanya asubuhi ile ile.

Ukifika na mtoto ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, au amelegea na hafunguki macho, huyo hana foleni. Usiketi. Usingoje kwa adabu kama yule mama wa msituni. Nenda moja kwa moja mbele, useme, "Mtoto wangu amezidiwa." Kama Kiswahili kinakupiga chenga, sema kwa lugha yako na umwonyeshe mtoto. Au njoo na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu akutafsirie, hiyo ni kazi yake.

Ukutani kituoni pana bango linaloeleza huduma na malipo yake, na zipi ni bure. Lisome, au umwombe mtu akusomee. Ukidaiwa pesa au ukidharauliwa, andika siku, saa, na jina lililo kwenye beji. Muulize msimamizi wa kituo. Asipokujibu, nenda kwenye ofisi ya afya ya kaunti, na malalamiko juu ya muuguzi yanaweza kupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Najua kuna wanaoogopa kwamba wakilalamika watahudumiwa vibaya zaidi wakirudi. Hofu hiyo si ya bure. Nendeni wawili au watatu, au mpitie kwa kamati ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi.

Na wewe uliyeshika nafasi ya mbele? Wewe ambaye sista ni wa kwenu, au unamjua karani, au umevaa vizuri? Kadi yako ikiwekwa juu, geuka nyuma utazame. Ukiona mtoto amelegea mgongoni mwa mtu, mwambie sista, kwa lugha hiyo hiyo yenu mnayoelewana, "Dada, anza na yule." Atakusikiliza wewe kuliko atakavyomsikiliza mwenye mtoto.

Siku hizi ninapofika kazini, kabla sijafungua dirisha la kadi, naitembelea foleni yote kutoka mwisho kuja mwanzo nikitazama watoto. Inachukua kama dakika tano. Wanaokaa mwisho kabisa mara nyingi ni wale waliotoka mbali zaidi.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kumpa mtoto chakula cha nyongeza anapofikisha miezi sita, na nitakueleza namna ya kupika uji wa wimbi wenye maziwa na mafuta kidogo. Uwe na kalamu. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga)